Hiyo "Ya Kwamba" ni ya Nani?

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa chapa, haina jina. Chini, mahali pa sahihi, paliandikwa "Wenye Uchungu". Ilipelekwa kwa bodi ya shule niliyokuwa nikifundisha Kiswahili, ikidai fedha za madawati zimeliwa. Bodi ikairudisha kwa mkuu wa shule, naye akatuita ofisini kwake sisi watatu wa idara ya Kiswahili, akafunga mlango, akaiweka mezani. "Nyie ndio wenye lugha," akasema. "Niambieni nani kaandika."

Haikufika hata robo saa. Mwenzangu mmoja alianza kuhesabu kwa ncha ya kalamu: "tunasikitika ya kwamba", "inafahamika ya kwamba", "ilielezwa ya kwamba". Mara tisa katika ukurasa mmoja. Halafu "vile vile" ya maneno mawili. Halafu "hususani" yenye i mwishoni. Tukatazamana. Mwalimu wa Historia alikuwa na hiyo "ya kwamba". Akiwa zamu, hakuweza kutoa tangazo mstarini bila kuitumia, na wanafunzi walimwiga wakirudi madarasani. Jina lake likatajwa. Nami nikasema, "Ndiye huyu." Hakuna aliyenilazimisha.

Hakufukuzwa kazi. Alivuliwa nafasi ya mwalimu wa taaluma, watu wakapunguza kukaa naye wakati wa chai, na mwisho wa mwaka akaomba uhamisho. Ofisi ya walimu ikajifariji kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Ualimu niliuacha zamani. Sasa nahariri maandishi ya watu, na kila siku napitia kurasa za waandishi ambao wengi wao sijawahi kuwaona kwa macho. Kazi hii imenifundisha jambo lililonipasa kulijua siku ile ofisini: tabia ya uandishi inayorukia macho ya msomaji ndiyo ushahidi dhaifu kuliko wote wa kumjua mwandishi. Inayoonekana upesi huigwa upesi, na inayoigwa upesi huwa ya watu wengi kabla hujamaliza kuishangaa. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu siku hizi mchezo wa kufichua watu wenye majina ya bandia umekuwa mkubwa. Mtu hulinganisha maandishi mawili, akaona neno moja la ajabu limejirudia kote kuwili, akatangaza kuwa fulani ndiye fulani. Wasomaji hushangilia. Anayetajwa ndiye anayebaki na mzigo.

Kisa kinachotajwa sana na wataalamu wa kazi hii kilitokea Marekani. Mwaka 1787 na 1788 zilitoka makala 85 za kutetea katiba mpya ya nchi ile, nyingi zikichapwa kwanza katika magazeti ya New York, zote chini ya jina moja: Publius. Nyuma ya jina hilo walikuwamo watu watatu, Alexander Hamilton, James Madison na John Jay. Hamilton aliuawa kwa risasi katika pambano la watu wawili mwaka 1804. Baadaye, orodha za nani aliandika ipi zilipowekwa pamoja, makala 12 zilikutwa zinadaiwa kwa upande wa Hamilton na kwa upande wa Madison vilevile. Wanahistoria walibishana kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1941 mtaalamu wa takwimu Frederick Mosteller, pamoja na Frederick Williams, alijaribu njia iliyoonekana ya busara, yaani kupima urefu wa sentensi. Walihesabu kwa mkono. Wastani wa Hamilton ukawa maneno 34.55 kwa sentensi, wa Madison maneno 34.59. Zitazame namba hizo. Ni watu wawili waliokuja kuwa mahasimu wa kisiasa, mmoja wa New York na mwingine wa Virginia, na wastani wao umetofautiana kwa sehemu ndogo ya neno moja. Wote wawili walisoma vitabu vya aina moja, wakaandika Kiingereza cha waungwana wa zama zao, tena kwa makusudi ya kufanana, maana Publius alitakiwa aonekane mtu mmoja. Mtu ambaye angezitazama sentensi zao peke yake angeapa kuwa kalamu ni moja.

Njia ilipatikana mahali pengine kabisa. Mwaka 1959 mwanahistoria Douglass Adair alimweleza Mosteller kwamba Hamilton huandika "while" pale ambapo Madison huandika "whilst". Ni kaneno kadogo kasichobeba hoja yoyote. Mosteller na mwenzake David Wallace wakaanza kusaka vijineno vya namna hiyo na wakakutana na "upon". Hamilton alikitumia kama mara tatu katika kila maneno elfu. Kwa Madison unaweza kusoma maelfu ya maneno usikione. Walipochapisha kazi yao mwaka 1964, walikuwa wamehesabu vijineno vingi vya aina hiyo, na makala zote 12 zikaangukia kwa Madison. Hakuna msomaji wa 1788 ambaye angekamatwa jicho na "upon". Hata Hamilton mwenyewe huenda hakujua kuwa anaipenda.

Nilisoma habari hizo nikiwa tayari nimeanza kuhariri, na siku hiyohiyo nikakumbuka bahasha niliyokuwa nimeihifadhi. Mkuu wa shule alitupa kila mmoja fotokopi ya ile barua, na yangu sikuitupa. Ilikuwa kwenye boksi moja na makaratasi mengine ya shule: ratiba, mitihani ya majaribio, na mihutasari ya vikao vya walimu ya miaka mitatu. Nikaketi sakafuni kusoma mihutasari. Ukatibu wa vikao ulikuwa wa zamu, na kila katibu mpya alifungua muhtasari uliopita, akaiga umbo lake. Mfunguo ulikuwa uleule kila mara: "Mwenyekiti aliwafahamisha wajumbe ya kwamba..." Baada ya hapo maji yalifuata mkondo. Ilikubaliwa ya kwamba, ilisisitizwa ya kwamba, iliazimiwa ya kwamba. Makatibu saba, wa masomo tofauti, waliozaliwa mikoa tofauti, wote wana "ya kwamba". Muhtasari wa nne ulikuwa wa mkono wangu. Nilihesabu "ya kwamba" kumi na mbili. Nyani haoni kundule.

Barua kwa bodi ni maandishi rasmi. Mwalimu yeyote wa shule ile, akiketi kuandika jambo rasmi, angeingia katika lugha ya mihutasari, kwa sababu hiyo ndiyo lugha rasmi pekee aliyowahi kuiandika tangu aajiriwe. Tulichokitambua siku ile ilikuwa shule nzima, si mtu.

Kuna mtu alinyongwa huko Uingereza katika kesi iliyokuwa na tatizo hilihili, ingawa huko lilikaa kinyume. Usiku wa Novemba 2, 1952, vijana wawili walipanda juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London, wakitaka kuiba. Christopher Craig, aliyekuwa na miaka 16, alimpiga risasi askari Sidney Miles, akafa. Derek Bentley, miaka 19, hakufyatua risasi na wakati huo alikuwa tayari ameshikwa na polisi palepale juu ya paa. Craig umri ulimwokoa. Bentley alinyongwa Januari 28, 1953. Moja ya nguzo za kesi ilikuwa maelezo yake polisi, ambayo askari waliapa kuwa aliyatoa mwenyewe kwa maneno yake, bila kuulizwa maswali. Bentley alikuwa kijana ambaye kusoma na kuandika kulimshinda.

Miaka mingi baadaye mwanaisimu Malcolm Coulthard aliyachambua maelezo hayo. Yalikuwa na maneno 582, na ndani yake "then", yaani "kisha", ilitokea mara 10. Watu wa kawaida wakisimulia jambo hawalitumii neno hilo kwa wingi huo. Tena mara kadhaa lilikaa baada ya "mimi", mpangilio ambao Mwingereza wa mtaani hautumii akisimulia, ila umejaa katika ripoti za polisi. Askari huandika hivyo kwa sababu kazi yake ni kupanga mambo kwa mfuatano wa saa. Kwa hiyo yale maelezo yaliyosemekana kuwa sauti ya kijana asiyejua kusoma yalikuwa na sauti ya kituo cha polisi ndani yake. Julai 30, 1998, Mahakama ya Rufaa iliitengua hukumu, kwa sababu zilizohusu hasa jinsi jaji alivyoiendesha kesi. Dada yake Iris, aliyepigania jina la mdogo wake karibu maisha yake yote, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Coulthard hakusema ni askari gani aliyeandika. Alisema ni lugha ya kazi gani. Huo ndio mpaka ambao mimi na wenzangu tuliuvuka bila kujua kuwa upo. Tabia inayoshirikiwa na watu wengi inaweza kukwambia mwandishi katoka wapi, kasoma na akina nani, anafanya kazi gani, ni wa rika gani. Ukitaka ikupe jina, unailazimisha.

Watu wakikutana chini ya majina ya bandia, kufanana huku huzidi. Ukishavua uso, sauti, nguo na ukoo, kinachobaki cha kumwonyesha mwenzako kuwa wewe ni wa kundi hili ni maneno yako tu. Mgeni anaingia, anasikia wakongwe wanavyosalimiana, wanavyokejeli, wanavyofunga hoja, na baada ya muda mfupi anaongea kama wao. Utamaduni wetu una mfano mkongwe zaidi wa jambo hili kuliko intaneti. Malenga wanaojibizana hujificha nyuma ya lakabu. Amiri Sudi Andanenga, kwa mfano, alijulikana kwa Sauti ya Kiza. Na sheria ya kujibizana ni kwamba anayejibu hushika bahari ileile, yaani aina ileile ya shairi, mizani zilezile, mara nyingi na vina vilevile vya mwenzake. Asipofanya hivyo haonekani amejibu. Sasa mpe mtu asiyejua sheria hiyo mashairi mawili ya mahasimu wakubwa, atakwambia ni ya mtunzi mmoja.

Na kuna mkono wa tatu ambao tunausahau: wa aliyenakili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilikusanywa miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua akizisaka na kuzinukuu kwa ajili ya mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, kisha William Hichens akazitoa kitabu mwaka 1940. Zilipita katika hati za Kiarabu, ambazo kwa mazoea ya zamani hazikutenganisha e na i, wala o na u. Anayetaka kumtambua Muyaka kwa tahajia anamtambua Mwalimu Sikujua, au Hichens, au kiwanda cha chapa. Leo aliyenakili ni simu. Simu isiyojua Kiswahili huligeuza neno ikidhani inakusahihisha, na watu elfu wenye simu ya aina ile wakakosea kosa lilelile siku ileile.

Wengine hushika "cjui" na "2taonana" kama ushahidi. Hiyo ni alama ya rika. Waliokua wakati ujumbe mmoja wa simu ulikuwa na herufi 160 na kila ujumbe ulikuwa na bei yake walijifunza kubana, na mkono haujasahau. Vivyo hivyo "zambi" kwa dhambi, "apa" kwa hapa, "hasubuhi" kwa asubuhi. Hizi zimebeba lugha ya nyumbani au ya mtaa. Aandikaye "niko na swali" huenda amekulia Kenya, na mwenzake wa Tanzania atasema "nina swali". Asemaye "batoto" amekaa na watu wa Lubumbashi. Wa Mombasa au Lamu anaweza kuteleza akasema "ndia" akimaanisha njia. Yote ni kweli na yanafurahisha kuyajua, na ninayapenda mno. Ni utajiri wa lugha hii. Lakini Mombasa ina watu wangapi? Nimeona mtu akituhumiwa kwa sababu ya r na l zilizobadilishana, kosa la mamilioni ya watu ambao lugha zao za kwanza hazizitenganishi sauti hizo mbili. Hapo tumeacha kuchunguza mtindo, tumeanza kunyooshea kidole kabila.

Basi tungetazama nini? Njia ya Mosteller huwezi kuibeba nzima ukaileta kwenye Kiswahili. Kiingereza kina vijineno vinavyosimama peke yake, unavihesabu. Sisi tunavibandika kwenye kitenzi. "Hawajatuletea" ni neno moja, na ndani yake kuna nani, kuna ukanushi, kuna wakati na kuna waliokosa kuletewa. Ukihesabu maneno tu, mengi ya mwandishi yanakupita. Inabidi uingie ndani ya neno. Mimi huanza na rejeshi. Mmoja huandika "fedha zilizotolewa", mwingine "fedha ambazo zilitolewa". Zote ni sahihi na maana ni ileile, hakuna mwalimu anayekuadhibu kwa kuchagua mojawapo, na kwa hiyo hakuna anayejichunga. Kisha natazama "nyumbani" dhidi ya "katika nyumba", "akija" dhidi ya "kama atakuja", na jinsi mtu anavyosimulia: wapo wanaoendesha kisa kizima kwa -ka-, na wapo wanaorudia -li- kila kitenzi. Haya hayaigwi kirahisi kwa sababu hayaonekani. Nimehariri waandishi ambao wamebadilisha msamiati wao wote kwa mwaka mmoja ila "amba-" zao zikabaki palepale.

Hata hivyo yanataka maandishi mengi, kurasa kwa kurasa, tena ya aina moja. Shajara huwezi kuilinganisha na taarifa ya kikao. Barua yetu ilikuwa na maneno kama mia tatu.

Siku ile sakafuni nilifanya hesabu hiyo, nikijua kuwa maneno ni machache. Barua haikuwa na "amba-" hata moja. Ilikuwa "zilizochangwa", "aliyepokea", "yaliyonunuliwa", mwanzo hadi mwisho. Nikatoa mitihani ya Historia ya majaribio iliyotungwa na yule mwenzetu, pamoja na muhtasari wa kikao alichokuwa katibu. "Viongozi ambao walipinga." "Mikataba ambayo ilisainiwa." "Wazazi ambao hawajalipa." Kila mahali amba-, bila kukosa, kiasi kwamba ningekuwa namhariri ningemwomba apunguze. Hiyo haithibitishi kwamba hakuandika. Ila sisi watatu wenye lugha tulikuwa na kitu hicho mbele yetu mezani, na tulihesabu kisichofaa.

Wapo watakaonikumbusha Theodore Kaczynski, nao wana haki. Kwa miaka 17, kuanzia 1978, alituma na kutega mabomu Marekani, akaua watu 3 na kujeruhi 23, na polisi hawakumpata hadi maandishi yake marefu yalipochapishwa gazetini Septemba 1995 na mdogo wake David, pamoja na Linda Patrik, mke wa David, wakaitambua kalamu. Ndani yake kulikuwa na msemo wa Kiingereza wa kuwa na keki yako na kuila, ambao Wamarekani wengi hutanguliza kuwa nayo. Yeye alitanguliza kuila, kwa mpangilio wa kale. Lakini tazama nani aliyemtambua. Ni mtu aliyekua naye nyumba moja utotoni, mwenye barua zake za miaka mingi, maandishi yakiwa na maneno kama 35,000. Naye David hakukimbilia kutangaza. Alilinganisha barua, akaumia, akatafuta wakili, ndipo jambo likafika kwa wapelelezi. Hata wao lugha iliwafikisha mlangoni tu. Aprili 1996 walipoingia kwenye kibanda chake Montana walikuta vifaa vya mabomu. Hivyo ndivyo vilivyomtia hatiani.

Mwaka jana nilipata namba ya yule Mwalimu wa Historia. Amestaafu. Nilimpigia jioni moja nikamwamkia, tukaulizana habari za watoto, kisha nikamweleza nilichofanya siku ile ofisini. Alinyamaza kidogo. Halafu akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: ile barua hajawahi kuiona. Aliambiwa tu kwamba ameiandika. Akaniomba nimsomee.

Nikamsomea taratibu, simu sikioni, fotokopi imeanza kufifia. Nilipofika aya ya tatu, penye "mahala" badala ya mahali, akanikatiza. "Hebu rudia hapo." Nikarudia. "Mahala," akasema, na nikaisikia sauti yake ikichangamka, kama ya mtu aliyeokota kitu alichokitafuta miaka mingi. "Mwalimu, unakumbuka nani pale shuleni alikuwa anapenda kusema mahala? Si yule wa..."

Nikamwomba asimtaje.